Sekunde ya Thelathini na Saba

Karatasi ya asubuhi ile ilikuwa na mistari mia nne na kumi, na mmoja tu ndio uliokuwa na kasoro, na katika watu wote waliowahi kuzaliwa na mama, aliyeweza kuiona kasoro hiyo alikuwa mmoja. Watu walimwita Tarakimu, na jina hilo hakulipata kwa bahati. Huyu bwana alikuwa anaandika programu kwa lugha ya C kwa kasi ambayo herufi zilikuwa zinafika kwenye skrini zinahema. Wataalamu wenye miwani minene walikuwa wanakuja kumtazama akifanya kazi, halafu wanaondoka kimya kimya kwenda kutafuta kazi nyingine maishani.

Basi Tarakimu alisimama kando ya printa, kikombe cha chai mkononi, akasoma: lango la lifti, limefungwa, saa nne, dakika kumi na nne, sekunde thelathini na saba.

Chai ikammwagikia kwenye kiatu. Hata hakuisikia.

Kwa sababu sekunde ya thelathini na saba haikuwepo.

Hapa lazima twende taratibu, maana msiba wote umekaa hapa. Ghala lile lilikuwa kubwa, la kuingiza mji mzima pamoja na mvua yake. Lilikuwa na malango kumi na moja na lifti moja ya mizigo. Kila lango likifungwa, kila kitufe kikibonyezwa, kinasa kilichokuwa ukutani kiliandika faili dogo na kulipiga muhuri wa tarehe na saa. Kinasa chenyewe kilikuwa kizee, na mashine za umri ule ni bahili kuliko mchawi. Tarehe yote inakunjwa ndani ya namba moja, saa yote ndani ya namba nyingine, kama mtu anayeshindilia nguo za ukoo mzima kwenye begi la mkononi. Kila namba ina vyumba kumi na sita, wenyewe wanaviita biti, basi. Kwenye ile namba ya muda, saa zinapewa vyumba vitano, dakika sita, na sekunde zinabakiziwa vitano. Sasa vyumba vitano ukivihesabu mpaka mwisho vinafika thelathini na moja. Sekunde ziko sitini. Zitaenea wapi? Hazienei. Kwa hiyo waliotengeneza wakakata shauri: sekunde zihesabiwe mbili mbili. Sufuri, mbili, nne, sita. Ya moja itupwe, ya tatu itupwe, ya tano itupwe. Kila sekunde ya witiri duniani, kinasa kile kilikuwa kinaitupa nje kama maganda ya viazi.

Kazi ya Tarakimu ilikuwa kuzikunjua namba hizo ziwe maandishi ya kusomeka. Programu yake ilizisogeza biti, ikaichambua saa, ikaichambua dakika, ikazichukua sekunde ikazizidisha kwa mbili. Na ukizidisha chochote kwa mbili unapata shufwa, hata ukizidishia kaburini. Thelathini na sita, sawa. Thelathini na nane, sawa. Thelathini na saba? Labda kwa uchawi.

Au kwa uongo. Na uongo huo Tarakimu aliufahamu vizuri, maana aliuzaa yeye.

Miaka miwili nyuma Meneja, bwana mfupi wa shingo, mrefu wa mdomo, alimwita ofisini.

“Tarakimu, saa yako ina kilema.”

“Kilema gani tena, bosi?”

“Sekunde zote shufwa! Ukurasa mzima. Mbili, nane, arobaini na nne. Hata tisa moja ya bahati mbaya hakuna? Wakubwa wakiona watasema tumepika.”

Mtu mwingine angemweleza. Lakini kueleza kulimaanisha kusema kwamba kuna kitu programu ya Tarakimu haiwezi kukijua, na maneno ya namna hiyo hayakuwahi kupita kwenye koo lile, yangemkwama kama mwiba. Akacheka, akasema, “Nipe dakika tano.” Zikatosha tatu. Aliongeza mstari mmoja tu: ukishazidisha kwa mbili, rusha sarafu, ikidondokea kichwa, ongeza moja. Kesho yake karatasi ikatoka imependeza, sekunde za tisa, za kumi na moja, za hamsini na tatu, zimechanganyika kama watu sokoni. Meneja akampiga begani. “Unaona? Sasa ndiyo imekuwa saa ya kweli.”

Ikawa hivyo miaka miwili, na hakuna aliyeumia. Mpaka siku aliyokufa Kifua.

Kifua alikuwa mpakizi, jitu la kubeba magunia matatu huku linapiga mluzi. Asubuhi moja, saa nne na dakika kumi na nne, lifti ilinyanyuka naye, mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje. Yaliyofuata wenye moyo hawayasimulii. Kinasa kilikuwa kimeandika mafaili mawili, la lango na la kitufe, na namba zake zilikuwa pacha, zote mbili sekunde ya thelathini na sita. Maana yake yametokea ndani ya sekunde mbili zile zile, na lipi lilitangulia, kinasa kilishalitupa. Lakini kwenye karatasi ya Tarakimu sarafu ilikuwa imekata kesi. Kitufe, thelathini na sita. Lango, thelathini na saba.

Kama lango lilitangulia, basi opareta alifuata sheria, na aliyeua ni lile komeo bovu lililokuwa linajifunga na kujifungua lenyewe, ambalo Meneja aliombwa miezi sita alitengeneze. Kama kitufe kilitangulia, basi opareta aliondoa lifti lango likiwa wazi, na anakwenda jela.

Opareta alikuwa mume wa dada yake Tarakimu.

Kikao kilipangwa Alhamisi, mbele ya mkaguzi kutoka nje. Na Tarakimu, aliyejua kwamba sekunde ile ni ya kubuni, alifanya nini? Siku ile ile ya msiba alijifungia, akaufuta mstari wa sarafu, akanyamaza. Wiki tatu karatasi zikatoka shufwa tupu, na Meneja, kwa shughuli za msiba, hakugundua. Sasa Jumatatu hii, hakuna sarafu, hakuna uongo, lifti imefungwa mnyororo na waya wa umeme umekatwa, na karatasi inasema lango la lifti limefungwa sekunde ya thelathini na saba.

Tarakimu akanusa. Kulikuwa na harufu ya grisi ya moto, na chini ya grisi, harufu ya jasho la mtu aliyebeba mizigo tangu alfajiri. Chumba kilikuwa na yeye na printa tu.

“Kinasa kimechoka,” akajiambia kwa sauti, kama mtu anayemsemesha mbwa wa jirani. Akaikunja karatasi akaitia mfukoni.

Nyumbani alikuwa anakaa chumba cha uani, kwa dada yake. Alirudi mchana, akamkuta Dada mlangoni anachambua mchele, na Shemeji ameketi kwenye kigoda anakigongea kigoda kingine misumari. Tangu asimamishwe kazi alikuwa ameshatengeneza vigoda vyote vya nyumba, akavibomoa, akavitengeneza tena. Kuna kimoja kilikuwa na misumari mingi kuliko mbao.

“Shemeji,” akasema bila kuinua kichwa, “mimi nililisikia lango. Wallahi nililisikia. Kla! Halafu ndiyo nikabonyeza.”

“Unafikiri ulisikia.”

“Miaka kumi na minne kwenye lifti ile! Masikio yangu yanaijua kuliko yanavyomjua mke wangu.”

“Na mkeo akikuita usiku huwa husikii, tunajua,” akasema Dada, lakini utani wenyewe ulikuwa umekauka, hakuna aliyecheka. Akauweka ungo chini. “Mdogo wangu. Mashine ile unaijua wewe peke yako. Niambie mbele ya Mungu. Karatasi inaweza kukosea?”

Hapo ndipo pa kusema. Tarakimu aliliona neno limesimama mbele yake kama mlango ulio wazi. Saa ya ukutani ilikuwa inapiga tk, tk, tk. Akafungua mdomo.

“Dada, mashine haina mjomba wala shangazi. Inasema ilichokiona.”

Dada akamtazama. Akarudi kwenye mchele wake.

Na hapo Tarakimu akagundua kitu kuhusu ile saa ya ukutani. Mshale wa sekunde ulikuwa unaruka. Unatoka mbili unaingia nne, unatoka nne unaingia sita, na kwenye ile nafasi ya katikati, pale ambapo sekunde ya witiri ilipaswa kuwa, nyumba nzima ilikuwa inanyamaza, nyundo ya Shemeji inasimama hewani, mchele unasimama hewani juu ya ungo punje moja moja, Dada mdomo wazi kama picha, na katika kimya kile kifupi kuna mtu alikuwa anavuta pumzi, na hakuwa mmoja wao. Halafu tk, nyundo inashuka, mchele unaanguka, maisha yanaendelea, na hakuna aliyejua kwamba amesimamishwa isipokuwa yeye.

“Umekuwaje?” Shemeji akamuuliza. “Umepauka kama unga.”

“Jua tu.”

Walikuwa kivulini.

Jumanne alifika ghalani kabla ya mfagiaji. Aliifungua programu yake, akaisoma mstari kwa mstari, mara tisa. Ilikuwa safi kama kitambaa cha bibi harusi. Zidisha kwa mbili. Hakuna sarafu. Akaiendesha. Karatasi ikaanza kutoka, na safari hii mistari ya lango la lifti haikuwa mmoja, ilikuwa kumi na mitatu, yote sekunde ya thelathini na saba, na tarehe zake zilikuwa za mwezi wa kumi na tatu. Siku, sufuri.

Harufu ya grisi ikaja tena, ikaja na joto lake, kama mtu aliyemsimamia nyuma ya shingo. Tarakimu hakugeuka. Huyu aliyewahi kugombana na wanajeshi watatu akawakimbiza, ndivyo alivyokuwa anasema mwenyewe, hakuweza kuigeuza shingo yake hata kwa upana wa kidole. Taa zikafifia, zikarudi, zikafifia, na kila zilipofifia neno moja lilitoka, moja tu, halafu kimya cha sekunde nzima, halafu jingine, kwa sauti ya kitu ambacho kilikuwa kinajifunza kuwa na mdomo.

“Ume—”

Taa.

“—nipa—”

Taa.

“—nyumba.”

“Nani wewe?” Tarakimu akanong’ona.

“Nili—”

Taa.

“—kuwa—”

Taa.

“—natupwa.”

Alipopata tena miguu yake alikuwa ameshafika mtaa wa pili, bila kiatu kimoja.

Palikuwa na mama mmoja mstaafu wakimwita Mama Kadi, kwa sababu enzi za mashine kubwa kama vyumba yeye ndiye aliyekuwa anatoboa kadi za kuzilisha, na wanasema alikuwa anatoboa huku amelala na hakosei. Alipostaafu akarudi kwenye kazi ya mama yake mzazi, ya kuwatoa watu majini. Nyumba yake ilikuwa na vitanda viwili vya wagonjwa, chetezo, na kikokotoo cha zamani chenye mkono wa kuzungusha. Tarakimu alimwelezea yote, kuanzia pumzi ya ukutani mpaka mwezi wa kumi na tatu. Sarafu hakuitaja.

Mama Kadi alimsikiliza huku anakuna kisigino.

“Mwezi umepewa vyumba vingapi kwenye hiyo namba?”

“Vinne.”

“Vinne vinafika wapi?”

“Kumi na tano.”

“Na miezi ya Mungu ni kumi na miwili. Kumi na tatu, kumi na nne, kumi na tano. Na sufuri. Namba nne hizo hazina mpangaji tangu mashine ilipozaliwa. Wewe ulifikiri zinalala tupu?” Akamkazia macho. “Hawa tulikuwa tunawajua tangu enzi za kadi. Hawana ubaya wakikaa kwao. Wanakula kile kinachotupwa. Sekunde tunazotupa, wao wanazila, basi. Lakini hawana mlango wa kuja huku. Mlango lazima mtu awafungulie. Lazima mtu achukue moja ya zile sekunde zao aiandike kwenye karatasi ya watu, aseme hii ipo. Nani aliiandika, baba?”

Tarakimu akatazama chetezo.

“Nakuuliza. Nani?”

“Mimi,” akasema, sauti imekuwa ndogo mpaka angeweza kuiweka mfukoni. “Ilikuwa ya kupendezesha tu, mama.”

“Na imemkuta nani?”

Akamwambia. Mama Kadi akaacha kukuna kisigino. Alipozungumza hakuwa tena mganga, alikuwa mama wa watu.

“Ungekuwa mwanangu ningekuchapa na uzee wako huo. Sikiliza. Sina ubani wa hili. Huyu hafukuzwi na moshi, anafukuzwa na yule yule aliyemwita. Nenda kwa huyo anayesoma karatasi, mwambie sekunde hii niliizusha mimi, haipo. Maneno hayo tu. Lakini nenda sasa hivi, kabla hajatia sahihi. Akishatia sahihi, jina la mtu limeandikwa chini ya ile sekunde, na jini ameshapata nyumba na hati yake. Hapo hata mimi usinitafute.”

“Meneja anaitia sahihi karatasi ya kikao kesho mchana.”

“Mimi nimesema sasa hivi. Wewe unaniambia kesho mchana.”

Akaenda. Lazima tumpe haki yake, alikwenda mbio, na kiatu kimoja. Akabisha kwa Meneja, akaingia, na maneno yalikuwa yameshafika kwenye meno.

“Ah, Tarakimu!” Meneja akainuka, akamvutia kiti kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo hajawahi kumfanyia hata baba mkwe. “Nilikuwa nakutaja sasa hivi kwenye simu. Mkaguzi anauliza nani ametengeneza orodha safi namna hii, mpaka sekunde! Nikamwambia nina kichwa kimoja hapa, hakijamaliza hata shule, lakini wenye vyeti wanakisujudia. Alhamisi anataka uje uieleze mbele ya kikao. Wewe mwenyewe!”

“Mbele ya kikao?”

“Na tai uvae.”

Na hapo, wasikilizaji, Tarakimu akaanza kupiga hesabu nyingine. Kwa nini aseme leo, mbele ya mtu mmoja, chini chini kama mwizi? Alhamisi watakuwepo wakubwa wote. Atasimama, atawaonyesha vyumba kumi na sita, atawaonyesha sekunde zinazotupwa, watashangaa, halafu atawaambia nimegundua kosa. Nimegundua, siyo nimefanya. Shemeji ataokolewa mbele ya watu wote na atakayemwokoa ni yeye. Dada atalia. Kuna tofauti gani, siku mbili? Sahihi ni wino tu.

“Nitakuja,” akasema.

Nyuma yake, kwenye dirisha la ofisi, kuna kitu kilicheka mara moja, kikanyamaza sekunde nzima, kikacheka tena.

Jumatano mchana Meneja akatia sahihi.

Alhamisi chumba kilijaa. Mkaguzi alikuwa bwana mkavu, wa kuzungumza kama anayelipia kila neno. Shemeji alikaa upande, suruali imepigwa pasi na Dada mpaka ingekata mkate. Dada mwenyewe alikuwa mlangoni na mkoba wake magotini. Walipomwona Tarakimu anaingia na tai, Shemeji akatabasamu. Kwa mara ya kwanza ndani ya wiki tatu, mtu yule akatabasamu, kwa sababu aliyeingia alikuwa ndugu.

Tarakimu akasimama akaeleza. Na alieleza! Vyumba, biti, kukunja, kukunjua, mbili mbili. Hata mfagiaji dirishani alielewa. Halafu akavuta pumzi.

“Kwa hiyo waheshimiwa, hii sekunde ya thelathini na saba haipo. Kulikuwa na mstari kwenye programu uliokuwa unaongeza moja kwa kubahatisha. Nimeshaufuta. Kinasa hakijui lipi lilitangulia. Hakuna anayejua. Huyu bwana hana hatia.”

Dada akafunika mdomo kwa mkono.

Meneja alikuwa amebadilika rangi. “Tangu lini umeufuta?”

“Siku ile ile.”

“Sahihi yangu ni ya jana. Jana ulikuwa wapi?”

Mkaguzi akainua kidole. “Mstari umefutwa?”

“Umefutwa, bwana. Hii hapa kwenye skrini. Someni wenyewe. Inazidisha kwa mbili, basi.”

Mkaguzi akaja, akasoma. “Naona. Kuzidisha kwa mbili. Hakuna kubahatisha.” Akaiangalia printa. “Iendeshe, kwa faili lile lile.”

Tarakimu akaiendesha. Alikuwa anatabasamu, maskini. Karatasi ikaanza kuteremka, na kabla haijafika hata nusu ile harufu ikaingia chumbani, grisi na jasho, na yeye akajua, akajua kabla ya kusoma, akaona taa zinafifia na kwenye kila kufifia watu wote wamesimama kama sanamu, kidole cha Mkaguzi hewani, machozi ya Dada yamening’inia shavuni bila kushuka, na kando ya printa, katika ile sekunde isiyokuwa ya mtu, amesimama kitu chenye upana wa Kifua, mguu mmoja ndani mmoja nje, na kinaivuta karatasi kwa vidole viwili, taratibu, kwa adabu, kama karani mzuri anayejua kazi yake.

Tk.

“Kitufe, thelathini na sita,” Mkaguzi akasoma. “Lango, thelathini na saba.”

“Haiwezekani.”

“Mara mbili ya nini ni thelathini na saba, bwana?”

“Ya… kumi na nane na nusu.”

“Humu ndani kuna nusu?”

“Hakuna nusu.”

“Basi kati ya wewe na karatasi kuna mwongo mmoja.” Akaikunja vizuri. “Huyu opareta ni nani wako?”

“Shemeji yangu. Amemuoa dada yangu.”

“Nilidhani,” akasema Mkaguzi, akaandika. Meneja akavuta pumzi ndefu, kama mtu aliyetolewa kisimani, na kuanzia hapo hakumtazama tena Tarakimu.

Lakini hiyo yote aliweza kuivumilia. Ambacho hakukiweza ni Shemeji. Shemeji hakupiga kelele. Aligeuka taratibu, akawa anamtazama kama mtu anayetazama kigoda alichokipigilia misumari mwenyewe na bado kimemwangusha.

“Siku ile ile,” akasema. “Ulijua siku ile ile. Na tumekula sahani moja wiki tatu.”

“Shemeji, nisikilize…”

“Usiniite hivyo.”

Wakamtoa. Miaka saba, mahakama ilimpa baadaye. Dada alipita mbele ya mdogo wake na mkoba wake, na alipofika usawa wake akasimama, akasema kwa sauti ya chini kabisa, kana kwamba anaagiza kitu dukani, “Vitu vyako nitaviweka nje. Ukikuta vimelowa, ni mvua.”

Hapakuwa na mvua.

Kwa Mama Kadi alikwenda jioni ile ile na begi lake. Alibisha. Akaisikia kandambili inakuja mpaka mlangoni, ikasimama.

“Umesema lini?” sauti ikauliza kutoka ndani.

“Leo.”

Kandambili ikarudi ilikotoka.

Ghalani hawakumfukuza. Ile orodha iliwapendeza. Lifti ikatengenezwa komeo jipya, ikafunguliwa mnyororo, akaajiriwa opareta mwingine, kijana wa watu asiyejua kitu. Tarakimu yuko pale mpaka leo, kwenye chumba kile kile. Amekonda, mkanda wa suruali unamzunguka mara mbili. Ukimsemesha anajibu nusu, nusu nyingine inamezwa na kitu, na wenzake wanadhani ni dharau. Kujisifu ameacha. Barua kwa dada yake ameandika zaidi ya mia, na kila akilihifadhi faili, tarehe inayotokea ni ya mwezi wa kumi na tatu, siku sufuri. Akizichapa zinatoka nyeupe.

Na hilo nalo angelizoea. Mtu anazoea. Kwa muda mrefu alikuwa na kitu kimoja cha kujifariji, kwamba hakuna anayejua lipi lilitangulia, pengine sarafu ilisema kweli, pengine Shemeji alibonyeza mapema kweli. Alikuwa anakivaa kitu hicho kama koti.

Lakini kila asubuhi, saa nne na dakika kumi na nne, ghala lote linasimama. Makuli wanasimama, vumbi linasimama kwenye mwanga wa dirisha, chai inasimama ikiwa njiani kutoka kwenye birika. Na katika sekunde ile iliyokuwa inatupwa, kile kitu kinamsogelea mpaka grisi yake inamgusa sikio, na kwa ukarimu wote wa mpangaji mwema kwa mwenye nyumba wake, kinamrudishia kile ambacho kinasa hakikukihifadhi.

Kla. Lango.

Halafu, baadaye kidogo, kitufe.